Barakoa Inasingiziwa Mengi

Hotuba kwa wafagiaji wa barabara, wapiga rangi magari, mafundi seremala na wauguzi, katika ukumbi mmoja wa kata, Moshi mjini. Nimeiandika karibu kama nilivyoitoa, ila nimepunguza vicheko.

Shikamooni wazee wangu. Vijana hamjambo. Nawaona mama zangu wa ufagio mmekaa mbele, na najua mmeamka saa tisa usiku ili saa kumi na moja muwe barabarani, kwa hiyo nikiona mtu anasinzia sitamkasirikia. Ninyi ndio mnaotufanya tuwatambie jirani zetu wa Arusha kwa usafi wa mji. Wao wana hoteli na watalii, sisi tuna barabara zilizofagiliwa. Tusiendelee na hilo, maana naona kuna mgeni wa Arusha pale mlangoni.

Nimeombwa nizungumzie madhara ya kuvaa barakoa muda mrefu kwenye ngozi ya uso. Nimekubali, lakini kichwa hicho nitakipinda kidogo. Mimi ni muuguzi wa ngozi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutazama nyuso za watu kwa karibu kuliko wanavyotazamwa na wachumba wao. Barakoa inachubua, ndiyo. Inaleta chunusi, inawasha, inaacha alama. Sitawadanganya. Ila nyuso zilizonifanya nitoke chumba cha matibabu nikafute machozi hazikuharibiwa na barakoa. Ziliharibiwa na kile mwenye uso alichojipaka baadaye, ili aondoe kile kidogo ambacho barakoa ilikuwa imefanya.

Hilo ndilo nililokuja nalo. Mengine yote yatakuwa njia ya kufika hapo.

Neno barakoa, kwanza, ni la kale. Kule Unguja, zama za masultani, barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha mabibi wa Kiarabu, kimetiwa nakshi, macho tu yanaonekana. Sisi wa bara hatukuwa na shughuli nalo. Likalala kwenye kamusi. Halafu tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Mtanzania aliyetoka Ubelgiji, akashuka uwanja wetu wa ndege wa KIA siku moja kabla. Kwa hiyo mlango ulikuwa hapa hapa kwetu, kaskazini. Baada ya wiki chache fundi cherehani gani hakushona barakoa ya kitenge? Mlishona mpaka za sare ya harusi. Neno la mabibi wa Unguja likawa neno la kila mtu.

Korona ikapungua, wengi wakavua. Ninyi hamkuvua. Mama wa ufagio anaivaa kwa sababu ya vumbi, hasa hii Januari na Februari, barabara zikiwa kavu na magari yanapita yakirusha. Kijana wa gereji anaivaa kwa sababu ya rangi ya kupuliza. Fundi seremala ana unga wa mbao, mkobozi wa kahawa ana makapi, muuguzi ana wagonjwa wanaokohoa. Kwenu hii ni kitendea kazi, kama ufagio au randa. Mtu anayeivaa dakika kumi akiingia benki hana cha kuniuliza. Ninaongea na mtu anayeivaa saa sita, saa nane, siku sita kwa wiki.

Sasa, humo ndani kunatokea nini?

Mnajua tunavyovundika ndizi. Unakata mkungu wa ndizi za mbege, unazifungia mahali pasipopita hewa, unazifunika vizuri, joto linapanda, unyevu unabaki humo humo. Siku chache zimeiva. Ukiziacha wazi zinajivuta. Ngozi iliyo chini ya barakoa imevundikwa. Pumzi unayotoa ina joto na ina maji, haipati pa kwenda yote, inarudi kwenye kidevu na mashavu. Joto la ngozi linapanda. Watafiti walishapima zamani: ngozi ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mafuta yanayotoka kwenye vinyweleo huongezeka kwa kama asilimia 10. Mafuta hayo yanachanganyika na ngozi iliyokufa na jasho, kinyweleo kinaziba, na bakteria ambao siku zote wanaishi hapo kwa amani wanapata karamu. Chunusi imeiva, kama ndizi.

Upande wa pili ni maji. Mama akifua nguo asubuhi nzima vidole vyake vinakuwaje? Vyeupe, vimekunjamana, laini, na ukivisugua kidogo vinachubuka. Ngozi iliyoloa ni dhaifu. Watu wanadhani ngozi ikiwa na unyevu mwingi ndiyo nzuri, kumbe ikilowa mno, ule ukuta wake wa juu unalegea, na barakoa ikivuliwa maji ya ndani yanatoka kwa kasi. Ndiyo maana mtu anashinda na uso umelowa jasho, halafu jioni analalamika uso mkavu unakaza. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja.

Kisha kuna msuguano. Kila ukiongea, barakoa inapanda na kushuka. Wapiga porojo, mnanisikia? Mwaka 1975 madaktari wawili wa ngozi wa Marekani, Mills na Kligman, walizieleza vizuri chunusi zinazoletwa na kusuguliwa na kubanwa. Wachezaji wa mpira wao wa Kimarekani wanazipata pale kofia ngumu na mkanda wake vinapobana. Sisi hatuna haja ya kwenda Marekani kuziona. Mtazame dereva wa bodaboda pale mkanda wa helmeti unapopita chini ya kidevu. Mtazame mpagazi aliyeshuka mlimani, mgongo na mabega pale mikanda ya begi ilipokaa siku sita. Ni kitu kile kile. Barakoa imekihamishia usoni tu, mahali ambapo kila mtu anaona na kila shangazi ana maoni.

Wala jambo hili halikuanza na korona hii ya juzi. Mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipoingia Singapore, wahudumu wa afya kule walivaa barakoa za N95, zile ngumu zinazobana, kwa muda mrefu. Madaktari wa ngozi wakawahoji. Katika 307 waliozivaa mara kwa mara, 109 walisema ngozi zao ziliwasumbua, na kati ya hao karibu sita katika kila kumi walitaja chunusi, nusu walitaja kuwashwa. Mwaka 2020 kule Hubei, China, hali ilikuwa mbaya zaidi: katika wahudumu 542 wa mstari wa mbele, zaidi ya asilimia 90 walikuwa na madhara ya ngozi kutokana na vifaa vya kujikinga, na mahali palipoumia kuliko pote ni daraja la pua. Muuguzi aliyevaa N95 zamu nzima anajua ninachosema. Unaivua unakuta mfereji.

Nikitazama uso wa mtu anayevaa barakoa, siulizi sana. Ninasoma ramani. Kidonda juu ya pua au nyuma ya masikio kinaniambia barakoa inabana, kamba ni fupi. Vipele vyenye vichwa vyeupe kwenye kidevu na mashavu ya chini ni chunusi za kuvundikwa. Ukiona ukurutu unawasha ulionyooka kama rula, umefuata kamba au umefuata waya wa puani, hapo nafikiria mzio: mpira wa kamba una kemikali ambazo watu wengine hawapatani nazo, na waya unaweza kuwa na nikeli, ile ile inayofanya hereni za bei rahisi ziwashe masikio. Wengine mzio wao uko kwenye sabuni ya unga yenye manukato waliyofulia barakoa ya kitenge wakaisuuza maji mamoja. Kwa wanaume wenye ndevu za kujikunja, nywele iliyonyolewa inarudi ndani ya ngozi, barakoa inaisukuma, vipele vya ndevu vinakuwa vigumu na vyeusi. Na ukiona upele mdogo mwekundu umezunguka mdomo lakini umeacha kamstari kembamba kasafi jirani na midomo, basi nauliza swali moja tu: unapaka krimu gani?

Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Niwasimulie habari yangu mwenyewe, maana ni rahisi kuwasema wengine. Mwaka 2021 nilikuwa nafanya kazi katika hospitali moja, jina lake tuliache, wodi imejaa, barakoa ni chache, na tuliambiwa tuvae moja zamu nzima. Nilivaa. Baada ya mwezi kidevu kikawa na vipele, vichache tu, kama saba. Mimi, muuguzi wa ngozi, niliyefundishwa, niliyewafundisha wengine, nikachukua tyubu iliyokuwa kabatini nyumbani. Krimu ya betamethasoni, mojawapo ya zile dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho zinazoitwa steroidi. Nikapaka usiku. Asubuhi wekundu umepungua, uso umetulia, nikasema ahaa. Nikapaka wiki tatu. Nilipoacha, uso ukalipuka. Vipele vilizunguka mdomo vyote, vinachoma kama nimepakwa pilipili. Nikarudia krimu, vikatulia. Nikaacha, vikarudi vingi zaidi. Nilijua kabisa kinachotokea, na bado mkono ulikuwa unaenda kwenye tyubu wenyewe. Nilikaa miezi miwili sipaki kitu, nakwenda kazini na ule uso, wagonjwa wananiuliza: Sista, na wewe unaumwa ngozi?

Nasema hivi ili mjue simcheki mtu.

Krimu za steroidi ni dawa nzuri. Zimeokoa watu wenye ukurutu na magonjwa mengi. Lakini usoni, bila daktari, kila siku, zinakula ngozi. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, nywele zinaota, chunusi zinazidi, na ukiacha ghafla uso unadai deni. Sasa fikirieni safari ya kawaida. Barakoa imeleta kipele. Kipele kimepona, kikaacha doa jeusi. Kwa ngozi zetu hilo ni la kawaida: ngozi nyeusi ikichokozwa, hata na kipele kidogo, inamwaga melanini, ile rangi ya ngozi, pale, na doa linakaa kuliko kipele chenyewe. Kipele wiki mbili, doa miezi sita, pengine mwaka. Na jua linalipigilia msumari. Mtu anajitazama kwenye kioo, barakoa anavaa ili afiche, huku barakoa inaongeza vipele. Rafiki anamwambia, kuna krimu pale sokoni, madoa yote yanaondoka. Hakuna anayemwambia kwamba ndani ya ule mkebe kuna klobetasoli, ambayo ni steroidi kali, au hidrokwinoni ya kufifisha rangi ya ngozi, au zebaki, au vyote vitatu vimekorogwa pamoja. Ndiyo maana tukauita mkorogo. Kiswahili hakikukosea hapo.

Hidrokwinoni ikipakwa miaka, inaweza kufanya kinyume kabisa cha ulichokusudia: ngozi ya mashavu inageuka bluu-nyeusi, kama masizi, na hiyo haitoki. Daktari Findlay wa Afrika Kusini aliieleza mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wanajichubua. Zebaki ni mbaya zaidi kwa sababu haikai usoni. Mwaka 1972, hapo Nairobi jirani, madaktari waliandika kuhusu watu wazima waliolazwa wakiwa wamevimba mwili kwa ugonjwa wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na bidhaa zenye zebaki bado zinakamatwa. Serikali yetu imepiga marufuku viambato hivyo kwenye vipodozi, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Lakini mkaguzi mmoja na begi la mama anayeuza mkorogo nyumba kwa nyumba, nani anashinda? Mnajua.

Dada mmoja, sitasema alitoka wapi wala anafanya kazi gani, alikuja na barakoa hataki kuivua. Nikamwambia vua mdogo wangu, mimi nimeshaona kila kitu. Akavua. Alikuwa na uso wa rangi tatu. Alianza na vipele vitano vya barakoa. Vitano. Akaniambia: nilitaka tu urudi kama zamani. Nilimpa kiti na maji kabla ya kumpa dawa.

Na kuna vile vya jikoni. Dawa ya meno juu ya chunusi. Limau. Magadi. Mtu aliloweka barakoa kwenye maji ya klorini, hakusuuza vizuri, akaivaa juani, kidevu kikaungua. Sabuni ya mche ya kufulia, unanawia uso mara nne kwa siku ukidhani unaondoa mafuta. Ngozi ya uso inapenda uchachu kidogo, na sabuni ya kufulia ni kinyume chake kabisa. Ukiivua mafuta yote, inakauka, inachanika, barakoa inakuja juu yake, inawasha. Mafuta ya nazi nayo, najua mama zangu wa Kiislamu mliolelewa pwani mtanikasirikia, ni mazuri kwa nywele na miguu, lakini kwa uso wenye chunusi yanaziba. Usiyaweke chini ya barakoa.

Basi mtaniuliza, tufanyeje? Nilijua mtauliza, na nimeleta majibu mafupi, kwa sababu hapa hakuna miujiza.

Barakoa yenyewe kwanza. Ya kitambaa iwe na pamba upande unaogusa ngozi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri tabaka tatu: la ndani linywe unyevu, la nje lisishike maji. Zile za kitenge kigumu kipya chenye wanga hazifai kabla hazijafuliwa mara kadhaa. Muwe nazo tatu au nne. Ikilowa, badilisha. Ya mchana si ya kesho. Fua kwa sabuni isiyo na manukato mengi, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani. Zile za hospitali za kutupa ni za kutupa, msiniambie mnazifua. Kama kamba inakata masikio, funga utepe nyuma ya kichwa uziunganishe huko, kilio cha masikio kinaisha siku hiyo hiyo.

Kwa vijana wa rangi nina neno la pembeni, ingawa si la ngozi peke yake. Barakoa ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali hazizuii mvuke wa rangi na thina. Haziwezi. Mnahitaji ile yenye vichujio viwili vya pembeni, na ndevu ziwe zimenyolewa pale inapokaa, la sivyo hewa inapita kando. Rangi za kuchanganya na hadina, ile ya kuigandisha rangi, zina kemikali zinazoweza kuleta mzio wa ngozi na pumu, na ukishapata mzio huo ni wa kudumu. Najua vichujio ni ghali. Mwambieni mwenye gereji kwamba mapafu hayana spea.

Kupumzika. Madaktari wa ngozi wa Marekani wanashauri dakika 15 bila barakoa kila baada ya saa nne, mahali salama. Mama wa ufagio, ukikaa chini ya mti kunywa chai yako, vua kabisa, usiiteremshe kidevuni. Ukiiteremsha, kidevu bado kimevundikwa na sasa kimebanwa zaidi.

Uso osha mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni laini isiyo na harufu. Kausha kwa kugusa, usisugue. Paka losheni nyepesi kama nusu saa kabla ya kuvaa. Mafuta ya mgando ni rafiki, lakini yana mahali pake: pakaa kidogo sana juu ya pua na nyuma ya masikio, pale panaposuguliwa. Usipake uso mzima halafu ukavaa barakoa, hapo umevundika mara mbili. Na wauguzi, chini ya N95 msipake kitu kinene kinachofanya iteleze, maana isipobana sawasawa haikukingi. Vipodozi vizito chini ya barakoa acheni. Nani anaviona?

Chunusi zikija, famasi wana jeli ya benzoili peroksaidi. Anza na ya asilimia 2.5, usiku, safu nyembamba. Inakausha, na inatoa rangi kwenye kitambaa, kwa hiyo usiivae na barakoa yako ya kitenge ukaja kunilaumu kwamba imepauka. Subirini wiki sita hadi nane. Hapo ndipo watu wengi wanashindwa, kwa sababu mkorogo unaonyesha kitu ndani ya siku tatu. Doa jeusi dawa yake kubwa ni kutochokoza ngozi tena, kukaa kivulini, kofia pana, na kama una uwezo, losheni ya kuzuia jua. Hapa Moshi tuna bahati: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992 na kufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, kimetengeneza losheni ya jua kwa ndugu zetu wenye ualbino. Watu wanakuja kutoka mbali kutafuta daktari wa ngozi katika mji huu, na sisi tunaoishi hapa tunakwenda kununua mkebe usio na jina.

Yapo machache ya kutosubiri. Uso ukivimba ghafla, midomo ikivimba, nenda hospitali sasa hivi. Vipele vyenye maji vinavyouma sana, upande mmoja tu wa uso, karibu na jicho, si barakoa. Huo unaweza kuwa mkanda wa jeshi, na jicho linaweza kuharibika. Vidonda vyenye gamba la rangi ya asali vinavyosambaa, navyo vitibiwe, vinaambukiza. Na kipele kilichopona lakini kovu linaendelea kukua na kuwa bonge, usikikate, usikichome. Njoo.

Tukafungua maswali. Mama mmoja wa mbele, sauti yake ya kufagia kabisa, akasimama.

"Mwanangu, nimekusikia. Mimi nina umri huu, chunusi zimenipita. Ila nina hii hapa." Akavua barakoa. Pua ilikuwa na alama nyeusi, imekaa kama miwani. "Nimeipaka limau, nimeipaka manjano, haitoki. Hiyo ya kutoa madoa nayo nimeambiwa na jirani. Niipake nisiipake?"

Nikamwomba anipe barakoa yake. Waya wa puani ulikuwa umetoboa kitambaa, ncha iko nje, kila siku inamkwaruza mahali pale pale.

"Mama, shikamoo tena. Limau liache kwenye chai. Ya jirani mwachie jirani. Tuanze na huu waya."

Fundi seremala aliyekuwa nyuma akatoa koleo mfukoni bila kuambiwa.